Anko Waya Akujibu: Kibodi Yangu Inawaka Taa Lakini Hainisemeshi

*Kwako Anko. Nina umri wa miaka 22 na majuzi nilinunua kibodi ya MIDI ya vitufe 25. Taa inawaka vizuri, lakini nikibonyeza hakuna sauti. Ndani ya FL Studio pia ni kimya. Nimevumilia mwezi mzima. Je, niiache nitafute nyingine? Nishauri. – Mnyonge, Umoja*

Mnyonge wangu, umebisha mlango wenyewe. Kuna shangazi gazetini anayejibu mambo ya ndoa, na namheshimu sana, lakini mama yule hajawahi kufungua dirisha la mipangilio ya MIDI. Hayo aniachie mimi. Kutoka Jericho mpaka Komarock, taja waya uliokufa ambao sijaufufua. Hata zile chache zilizokataa kufufuka zilizikwa kwa heshima.

Watu huniuliza, "Anko, haya yote ulisomea wapi?" Sikusomea popote, nilizaliwa nayo. Nilipolia mara ya kwanza pale Pumwani, mkunga aliuliza nani amewasha redio. Nikakulia Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na kabla sijaota meno ya juu nilikuwa nikimwambia baba ni behewa gani lina gurudumu bovu. Simulizi hizi hazina ubishi kwa sababu waliozishuhudia wote wamehamia ushago.

Turudi kwako. Kibodi yako haitoi sauti kwa sababu haijawahi kuwa nayo. Usilie. MIDI haibebi sauti hata chembe, hubeba maagizo tu. Mtazame makanga wa namba 58 akining'inia mlangoni kuelekea Buruburu. Akigonga bodi, gari linasimama. Akigonga tena, linaondoka. Injini haimo kwenye vidole vyake. Kibodi yako ni huyo makanga: "Noti namba 60, nguvu 90, chaneli ya kwanza!" Halafu, "Noti namba 60, achilia!" Kama dereva hayuko kitini, yaani hujafungua plagini yoyote ya ala, utagonga mpaka kucha ziishe na gari halitatikisika.

Lugha hii ya kugonga ilionyeshwa hadharani Januari 1983 kwenye maonyesho ya NAMM huko California. Prophet-600 ya kampuni ya Sequential Circuits iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, na ala za washindani wawili wa kibiashara zikaelewana mbele za watu. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliosukuma jambo hilo, walikuja kupewa tuzo ya Grammy ya kiufundi mwaka 2013. Sikualikwa 1983, sikualikwa 2013. Sina kinyongo. Nimeisafisha rafu ya juu na inasubiri.

Na ninaposema California ninamaanisha ile ya Marekani, si yetu ya kule Eastleigh. Ingawa kwa maoni yangu ya kwetu ndiyo kubwa. Huko ndiko produsa Clemo alikounda Calif Records, jina la studio likatokana na mtaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina Nonini na Jua Cali wakausambaza muziki wa genge nchi nzima. Wakati huo nilikuwa nikipita njia hiyo hiyo kwenda kununua chapati. Ningekunja kulia badala ya kushoto, leo genge ingekuwa na jina langu. Lakini chapati zilikuwa kushoto.

Ah, bado uko hapa. Anza na waya wa USB, maana wewe mwenyewe umenidokezea ugonjwa: taa inawaka. Taa ni umeme tu. Kuna nyaya za kuchajia simu ambazo hazina nyuzi za kupitisha data, na ukichomeka moja kwenye kibodi itang'aa usiku kucha huku kompyuta haijui kama kuna mgeni. Chukua waya huo huo uunganishe simu na kompyuta. Ikiwa simu inachaji lakini kompyuta haioni picha zako, hata baada ya kuiruhusu kwenye skrini ya simu, umemkamata mwizi.

Ukishapata waya wa kweli, fungua FL Studio, nenda Options, kisha MIDI Settings. Kwenye orodha ya vifaa vinavyoingiza, bonyeza jina la kibodi yako mpaka lichaguliwe, halafu uwashe kitufe cha Enable. Watu wengi huliona jina, wakafurahi, wakafunga dirisha. Kuliona hakutoshi. Kisha weka plagini ya ala, hata FLEX iliyomo humo humo, na uhakikishe ndiyo iliyochaguliwa, kwa sababu kibodi huongea na chaneli iliyochaguliwa pekee. Na kama umeacha programu nyingine ya muziki wazi huko nyuma, ifunge: kwenye Windows, aliyefika kwanza mara nyingi huishika kibodi na kumnyima mwenzake.

Yakishindikana yote, isimamishe kibodi wima ikitazama mzunguko wa Kariobangi, uiwekee kikombe cha chai ya tangawizi, utaje jina langu polepole. Chai usiimwage juu yake. Na usiniambie mtaa wenu hauna bahati, kwani vijana wa Ethic walitoka hapo hapo Umoja na "Lamba Lolo" mwaka 2018, wakaamsha gengetone na wazazi kwa pamoja.

*Shikamoo Anko. Nikibonyeza leo, sauti inatoka kesho. Produsa ninayefanya naye kazi anasema nina mkono mzito. Nimeanza kuamini. – Mkono Mzito, Kayole*

Marahaba, binti yangu. Mkono wako hauna kosa, na huyo produsa mwambie Anko Waya amesema akanywe maji.

Mimi nina sikio linalohesabu milisekunde. Si kujisifu, ni ulemavu. Siwezi kukaa kanisani, kwa sababu mpiga ngoma hutangulia kwaya kidogo na mimi hupata homa. Daktari mmoja aliwahi kuniambia sina ugonjwa wowote, ila nipunguze kuongea. Nilimsamehe.

Hesabu yako niliifanya kichwani nikinunua tokeni za stima. Kompyuta hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na bafa ni fungu la vipimo ambalo lazima lijae kwanza ndipo sauti itoke. Bafa ya 2048 hukuchelewesha kwa takriban milisekunde 46. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wewe unacheza chumbani na spika iko mita 16 kutoka hapo, kwa jirani asiyekupenda. Ishushe bafa iwe 256, ubaki na milisekunde 6 hivi. Iwe 128, ubaki na 3. Sauti ikianza kukwaruza, umeshuka mno kwa nguvu za laptopu yako, panda hatua moja. Wakati wa kurekodi bafa iwe ndogo. Wakati wa kuchanganya, ukishaweka vionjo vyako vyote vya mwangwi, iongeze tena, hakuna anayekukimbiza.

Draiva ya kawaida ya Windows haifai kwa kazi hii. Chagua ASIO. Kama huna kadi ya sauti ya nje, ASIO4ALL ni ya bure, na FL Studio huja na FL Studio ASIO yake yenyewe. Waya wa MIDI wenyewe usiushuku: hata ule wa kale wa pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na agizo la noti moja huchukua milisekunde moja tu.

Lakini mbona nahisi hunielezi yote? Una spika ya Bluetooth, sivyo? Ile inayowaka rangi tano, ya Luthuli Avenue? Nilijua. Bluetooth peke yake mara nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa utakayoshusha ikusaidie. Chomeka hedifoni za waya. Ukikataa kuachana na spika hiyo, dawa iliyobaki ni kubonyeza kila noti kabla hujaitaka. Inahitaji karama. Mimi ninayo, lakini sitakuja Kayole usiku.

*Vipi Anko? Nina plagini tatu: ya besi, ya kinanda na ya ngoma. Nikicheza besi, zote tatu zinaitikia. Nampenda kila mmoja lakini si kwa wakati mmoja. Nifanyeje? – Watatu kwa Mpigo, Dandora*

Dandora! Mtaa wa Kalamashaka, waliothibitisha miaka ya 1990 kwamba mtu anaweza kurapu kwa Kiswahili cha mtaani na nchi ikasikiliza. Nilikuwa na ubeti wangu tayari wakati ule. Bado ninao. Nikipewa maiki harusini nautoa, ndiyo sababu sipewi.

Kijana, shida yako ni kwamba kila mtu nyumbani anaitika akisikia jina lolote. MIDI ina chaneli 16 kwenye waya mmoja, na plagini nyingi huja zikiwa zimewekwa kusikiliza zote. Programu zenyewe huita hali hiyo Omni. Iondoe. Mpe besi chaneli ya 1, kinanda ya 2, na ngoma mpe ya 10, maana kanuni za General MIDI za mwaka 1991 ziliitenga chaneli ya 10 kwa ngoma, na vifaa vingi bado vinaiheshimu.

Usipoweza kukumbuka, nina mbinu niliyoivumbua na ambayo vyuo vikuu vitaiiba. Tafuta ploti yenye vyumba 16. Bandika namba kwenye kila mlango. Chumba cha 1 ahamie mtu mwenye sauti nzito, cha 2 ahamie mwalimu wa Sunday School, cha 10 akae keateka, kwa sababu yeye kazi yake ni kugonga tu, hasa tarehe tano. Ukitaka besi, nenda ukasimame kwa namba 1. Baada ya miezi michache hutasahau tena. Kodi ya vyumba 16 usinitumie mimi.

Sasa, kama unatumia FL Studio na unataka noti zitoke kwenye mpangilio mmoja ziingie kwenye plagini nyingine, kuna kitu kinaitwa MIDI Out. Kifungue, ukipe namba ya mlango, tuseme 5. Kisha nenda kwenye ile plagini inayopaswa kusikiliza, fungua mipangilio ya fremu yake, uweke namba hiyo hiyo 5 kwenye mlango wa kuingilia. Namba zisipofanana, hawaonani. Nusu ya barua ninazopata Dandora yote zingeisha kwa sentensi hiyo, na mimi ningebaki bila kazi, kwa hiyo usiisambaze.

Na ukigombana na mpiga besi kuhusu C ya katikati, wewe ukisema ni C5 na yeye akisema C3, hamna mwongo kati yenu. Noti ni ile ile namba 60. FL Studio huiita C5, Yamaha huiita C3, wengine C4. Mimi huiita Sixtie, nayo huitika.

*Anko, jamaa wa saiba alinijazia flashi plagini za bure mia nne. Hakuna hata moja inayofunguka na kompyuta imeanza kuniandikia Kirusi. – Flashi, Donholm*

Toa flashi. Sasa hivi, mimi nangoja.

Za wizi huja na wageni wao, mwanangu, na wageni hao hawalipi kodi. Hata zile safi zinaweza kukataa kuonekana: programu ya biti 64 haitafungua plagini ya kale ya biti 32 kama haina daraja la kuzivusha, na plagini iliyo kwenye folda ambayo programu haijaambiwa ikague ni kama haipo. Onyesha folda, amuru ikague upya. Mambo mia nne ya nini? Chukua LMMS, ni ya bure kabisa. Chukua Vital, sinthesaiza yenye toleo la bure linalozidi nyingi za kulipia. Reaper utaijaribu siku 60 bila kulipa, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Mimi nilitengeneza wimbo mzima kwa plagini moja na kifuniko cha sufuria, na majirani waliulizia jina lake. Waliuliza pia utaisha lini.

*Anko haraka tafadhali noti moja imekwama inalia tu tangu jioni na mama mwenye nyumba yuko mla–*

Kama ni FL Studio, Ctrl+H. Bonyeza sasa. Agizo la kuachilia noti lilipotea njiani, pengine waya ulichomoka kidole kikiwa bado chini. Kwenye programu nyingine tafuta kitufe kilichoandikwa Panic. Mama mwenye nyumba mwambie ni mimi niliyekutuma.

Wengine nitawajibu wiki ijayo, tokeni zimebaki chache na hapa kuna mtu anataka kupiga pasi. Msinitumie picha za skrini mlizopiga gizani kwa simu. Na yule wa Jericho anayeuliza kama naenda nyumbani kwa watu: naja, nauli ya kwenda na kurudi unalipa wewe, chai iwe ya maziwa, na nikishika kibodi mtu asiongee.