Shusha Hapo, Tafadhali

Ngome ya Conwy, kule Wales, niliiona vizuri sana. Niliiona dirishani, mkono wa kulia, nikiwa nimesimama na mkoba mgongoni mbele ya mlango wa treni ambao haukufunguka. Kisha jukwaa la kituo likapita. Upande wa pili wa reli alikuwepo bibi mmoja na mbwa wake, na mbwa alinitazama mpaka tukaachana. Halafu giza la handaki, halafu bahari, na mimi bado nimeshika bomba la mlangoni kama mtu anayeshuka.

Kijana aliyekaa karibu akatoa spika moja sikioni, akaniambia kwa upole unaochoma: "Hapo huwa unaomba."

Kumbe Conwy ni kituo cha kuomba. Anayetaka kushuka humwambia kondakta, kondakta humwambia dereva, na dereva ndipo hushika breki. Anayetaka kupanda husimama jukwaani akanyoosha mkono treni ikija. Treni nzima, yenye mabehewa na ratiba ya dakika kwa dakika, inasimamishwa kwa mkono kama daladala ya Mbagala! Tena daladala ina ubinadamu zaidi, kwa sababu konda huuliza mwenyewe, "Mtongani wapo?", na usiposikia, jirani atakugonga bega. Nimepiga kelele za "shusha" tangu sijafikisha kimo cha kushika bomba la juu. Lakini kila aliyenitangulia Ulaya aliniasa jambo lilelile: kule, ndani ya usafiri, nyamaza. Nikanyamaza, nikapitilizwa.

Tangazo lilikuwepo, sikatai. Lilianza kwa Kiwelshi, kama inavyostahili kwenye nchi ya wenyewe, na zamu ya Kiingereza ilipofika tulikuwa tumeshaingia darajani, ndani ya chuma, kila sauti imegeuka ngurumo.

Na daraja hilo lazima nilieleze. Miaka ya 1840 Robert Stephenson alitakiwa kuvusha reli juu ya mto Conwy. Pembeni palikuwa na daraja la Thomas Telford la mwaka 1826, linaloning'inia kwa minyororo, zuri kwa farasi na mikokoteni. Ila minyororo hucheza, na treni haitaki kuchezewa. Stephenson akaona boriti la chuma likitosha ukubwa, treni inaweza kupita ndani ya boriti lenyewe. Akatengeneza masanduku mawili marefu ya mabamba ya chuma, kila njia ya reli na sanduku lake, treni iingie mdomo huu itokee ule. Yaliungwa ufukweni, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 1,000. Sasa unalifikishaje dude kama hilo mahali pake? Walilitia juu ya pantoni, wakasubiri maji yajae. Maji yakainua pantoni, pantoni zikalibeba sanduku mpaka kwenye nguzo, kisha jeki za maji zikalipandisha kidogo kidogo hadi juu. Ilikuwa mwaka 1848. Mtu yeyote wa pwani anayejua bamvua na maji mafu hana budi kumpa mzee huyo shikamoo. Ndugu yake mkubwa kwa umbo, daraja la Britannia la kwenda kisiwa cha Anglesey, liliungua mwaka 1970 baada ya vijana kuingia ndani na mwenge wa moto. Hili la Conwy linapitisha treni hadi leo, zikiwemo zisizosimama.

Nilishukia Bangor. Mkaguzi akaitazama tiketi yangu, akasema imeishia Conwy, kwa hiyo nadaiwa. Nikaeleza. Akanijibu polepole, kwa sauti ya juu, neno moja moja, namna wanavyosemeshwa watoto na Waafrika wenye mikoba: "Lazima. Umwambie. Kondakta." Kondakta mwenyewe nilikuwa nimempa tiketi iliyoandikwa Conwy kwa herufi kubwa. Aliisoma, akaitia alama, akanirudishia akisema asante. Alidhani naipeleka wapi? Nililipa nauli ya kwenda nisikotaka na ya kurudi nilikopitishwa, na watu wawili waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, waliopitilizwa kama mimi, waliambiwa wapite tu, inatokea. Mengine ya siku ile nayasimulia kwa kicheko. Hilo hapana.

Ngome, nilipoifikia mchana, ni kubwa kwa kusudi la kutisha. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliisimamisha kati ya 1283 na 1287 akiwa na fundi mkuu James wa Saint George: minara minane, kisha ukuta wa kuuzunguka mji wenye minara mingine 21, yote kwa kama pauni 15,000 za wakati huo. Mji uliomo ndani ulikuwa wa walowezi wa Kiingereza. Mwelshi hakuruhusiwa kuishi humo. Watawa waliokuwa na abasia yao mahali hapo, penye kaburi la Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wawelshi, walihamishiwa mbali, upande wa juu wa mto. Nilijikuta nagusa kwa chuki yale mawe ambayo hayakunifanyia mimi lolote.

Langoni tiketi yangu ilikaguliwa mara mbili, na chupa yangu ya maji ikaulizwa maswali. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1401, Rhys na Gwilym ap Tudur, binamu zake Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wawelshi, waliiteka ngome hiyohiyo huku askari wengi wakiwa kanisani. Inasimuliwa kwamba watu wao waliingia kwa kujifanya maseremala. Seremala haulizwi tiketi.

Upande wa kusini wa ukuta wa mji vimepangwa vyoo 12 vya mawe, vimejitokeza nje kama meno, vilivyojengwa kwa ajili ya makarani wa mfalme. Makarani wa karne ya 13, vyoo 12! Mimi na foleni yangu tulikuwa na mlango mmoja unaokula sarafu, na ulikula ya kwangu bila kufunguka.

Bandarini niligonga kichwa kwenye mlango wa nyumba nyekundu inayotangazwa kuwa ndogo kuliko zote Britania, ambayo mvuvi wa mwisho kuikaa alikuwa na futi 6 na inchi 3. Mimi nina 5.

Samaki na chipsi nilinunua. Shakwe alimchukua samaki mzima, hakumega. Nikarudi dirishani, na muuzaji, aliyeona tukio lote tangu mwanzo, akaniuliza kama huyu wa pili naye anitilie siki.