Kompyuta Iliyovishwa Shela

Katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, hapajapata kuingia kitu kikapewa heshima kama ile iliyopewa kompyuta ya mezani niliyoinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo changu. Maana kabla haijawashwa hata mara moja ilikwisha tengewa chumba cha chini cha kabati la vyombo, lenye mlango na kitasa, na mke wangu, ambaye haamini kuwa chombo chochote cha umeme chaweza kukaa mbele ya wageni bila stara, alikwisha ifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ndugu wa vile vilivyofunika redio, televisheni na migongo ya makochi. Kioo chake kilikaa juu ya kabati. Sanduku lake, ambalo mjini petu kila mtu huliita sipiyu, ingawa sipiyu hasa ni kijibati cha ndani kisichozidi ukubwa wa biskuti, liliingizwa kabatini, likavishwa kitambaa kile, na mlango ukafungwa taratibu kama mlango wa chumba cha bibi harusi.

Heshima hiyo ilinivuta katika cheo nisichokitafuta. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipochumbiwa, kamati ya harusi ilinichagua kuwa mshika hazina, si kwa umahiri wa hesabu, ambao sijapata kutuhumiwa nao, bali kwa kuwa mimi peke yangu katika ukoo ndiye niliyekuwa na kompyuta. Na ilisadikiwa kwamba jina la mtu likisha andikwa humo, pamoja na ahadi yake na kiasi alichotoa, halifutiki wala halibishaniki.

Alasiri moja, nikiingiza michango ya watu 63, mshale uliokuwa ukitembea juu ya kioo ulisimama. Nilikitikisa kipanya kama mtu atikisaye kibuyu kusikiliza kama kimebakiwa na maji. Nilibonyeza vitufe kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kisha kwa kiganja kizima. Lakini saa iliyo pembeni ya kioo ilisema ni saa kumi na dakika kumi na saba, na ilishikilia kauli hiyo hata muadhini alipoadhini magharibi, nami kwa adabu nilikuwa bado nimeketi naingoja. Nilipoizima kwa nguvu na kuiwasha, orodha ya michango ilifunguka imejaa alama na miraba ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyepata kuitwa hivyo.

Tangu siku hiyo maradhi yalishika njia. Aghalabu iliganda nusu saa baada ya kuwashwa. Mara nyingine ilizimika yenyewe kimya, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Na mara nyingine ilitoa uso wa buluu wenye maandishi meupe, na juu yake kichwa cha huzuni kilichochorwa kwa nukta mbili na bano, nami nikaona ni msiba wa ajabu huu ambao maiti ndiye anayenipa pole.

Nililipeleka shauri kwenye baraza ya kahawa, mahali ambapo hapajapata kukosekana dawa ya kitu chochote. Wa kwanza alisema ni umeme, kwamba volti 230 zinazoandikwa katika vitabu hazifiki mtaani kwetu zikiwa timamu; nikanunua stebilaiza, sanduku zito la chuma lenye joto la mkate, nikaliweka kabatini, ubavuni mwa mgonjwa. Wa pili alisema ni vumbi. Mke wangu akaongeza juu ya kitambaa kanga nzima iliyokunjwa mara mbili, ambayo maneno yake, kwa kadiri nikumbukavyo, yalihusu subira. Wa tatu alisema ni chumvi ya upepo wa bahari, ambayo hula nyaya. Nikaziba kwa gazeti tundu la nyuma la kabati. Wa nne, mwalimu mstaafu mwenye kusoma sana, alituhadithia kuwa mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, wahudumu wa mashine kubwa ya hesabu iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi moja, wakamtoa na kumbandika kwa utepe katika daftari lao la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho hata leo. Usiku ule nilifungua sanduku kwa bisibisi, kurunzi mdomoni, nikitafuta nondo. Nikapata maganda mawili ya mayai ya mjusi na sarafu ya shilingi 50. Sarafu niliiingiza katika hazina ya harusi, kwa kuwa mambo yalikuwa yamekwisha kuwa mabaya.

Na yalikuwa mabaya kweli. Habari ya kuharibika kwa orodha ilipovuja, kila aliyeahidi alikumbuka kwamba alikwisha toa. Fedha zilizokuwa mkobani zilitosha watu 41, na walioapa kuwa wametoa walikuwa 63. Tofauti ya hesabu hizo mbili, kwa mujibu wa nyuso nilizotazamwa nazo kikaoni, ilikuwa ndani ya tumbo langu.

Nikaibeba kwa fundi. Huyu ni kijana mpole mwenye kibanda katika mojawapo ya barabara zetu za namba, na dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa ni moja: “Mzee, tupige windo.” Nilimsihi asipige chochote kabla ya kuiokoa orodha, maana kupiga windo ni kufuta mtambo na kuanza upya. Akaipuliza vumbi kwa blowa, akachomoa ramu na kusugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akaiwasha, na kompyuta, kama mtoto aliyelia homa usiku kucha kisha akafika hospitali akaanza kucheza, ikafanya kazi tangu asubuhi hadi jioni bila kukohoa. Nikairudisha kabatini, nikaifunika, nikafunga mlango. Nusu saa haikutimia. Nikaibeba tena, kule ikapona, nikairudisha, ikafa. Mara ya tatu kijana aliona afadhali aje mwenyewe.

“Shikamoo, mzee. Mashine yenyewe iko wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Imo kabatini.”

Alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja kwa joto lililomlaki. “Na hii kanga?”

“Yake.”

“Na hiki kitambaa?”

“Chake pia.”

Hakusema neno. Aliiwasha upya, akabonyeza kitufe cha kuingilia mahali ambapo mtambo hutangaza hali yake yenyewe, akanionyesha namba: sipiyu ilikuwa na nyuzi 94, ilhali maji, akanikumbusha kwa upole, huchemka kwa 100. Akaniambia kuwa kijibati kile kikipata moto hujipunguzia kasi ili kisiungue, na kikizidiwa hujizima chenyewe. Na kwamba feni yake haiumbi baridi, bali huvuta hewa iliyopo, na hewa iliyokuwapo ilikuwa ile ile iliyotoka kwenye feni, ikichanganyika na joto la stebilaiza, ikizungushwa chini ya kanga mbili kwa moja. Akavua kanga, akavua kitambaa, akalitoa sanduku na kuliweka juu ya meza karibu na dirisha. Muda wa kunywa chai moja, namba ilishuka hadi 52. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwamba yeye tangu mwanzo aliniambia kompyuta ile inahema. Sikumbuki kuambiwa hivyo, lakini sikuwa katika hali ya kubishana.

Orodha nayo ilipatikana. Programu ya kuandikia ilikuwa imejiwekea nakala yake faraghani siku mbili kabla ya msiba, na nakala ile, iliposomwa mbele ya kamati, ilikuwa na watoaji 41 kamili. Ishirini na mmoja wakatoa, wengine wakicheka, wengine wakilaumu simu zao. Alibaki mjomba wangu, mwenye ahadi ya shilingi 100,000, ambaye aliisikiliza habari yote ya nyuzi 94 kwa makini kupita mtu yeyote, kisha akauliza kama ni halali kumhukumu Mwislamu kwa ushahidi wa shahidi aliyekuwa na homa.

Harusi ilifanyika, na bibi harusi sasa ana mtoto anayetambaa. Kitambaa kinafunika mtungi wa maji. Kompyuta iko dirishani, uchi, haijaganda tena; na mjomba hajalipa.