Nimesusa, Msinibembeleze

Jumatatu asubuhi, kabla sijanawa uso, nilitangaza nyumbani kwangu hapa Shinyanga kwamba kuanzia saa hiyo nimeususia mtandao wangu wa simu. Kifurushi cha wiki nimekinunua Jumamosi, Jumatatu kimekwisha! Mama watoto alikuwa anapepeta karanga. Hakuinua kichwa. "Ukisusa, wenzio twala," akasema, akaendelea kupuliza maganda.

Nikazima simu. Kufika saa nne nikaanza kuwaza: je, kama kampuni inanitafuta kuniomba radhi, itanipataje? Nikaiwasha. Na kweli ujumbe nikaukuta. Walikuwa tayari kunikopesha salio la shilingi 500. Nikakopa.

Ugonjwa huu wa kususa sikuuanza juzi. Mnakumbuka Julai 2021, zilipoanza zile tozo za miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja? Nchi nzima ililalama, nami nililalama kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Niliapa sitatuma tena hela kwa simu. Wiki hiyohiyo dada yangu aliyeko Katoro, mkoani Geita, akawa na shida ya shilingi 30,000. Nikazitia kwenye bahasha, nikaizungushia selotepu mpaka ikawa kama mguu uliovunjika, nikapanda bodaboda hadi stendi nikamkabidhi konda wa basi la Geita. Konda akaipimapima mkononi kama dalali anayepima dhahabu iliyotoka kuchomwa. "Na ya maji, mzee?" Nikatoa 3,000.

Basi likaharibika njiani. Dada akashinda stendi ya Katoro akinibipu, kila akibipu mimi napiga, na salio nanunua kwa walewale niliowasusia. Jioni nikakaa na kalamu. Maji ya konda 3,000, bodaboda yangu kwenda na kurudi 2,000, bodaboda ya dada 2,000. Elfu saba za kusafirishia elfu thelathini, na salio sijalihesabu! Tozo niliyoikimbia isingefika hata nauli ya bodaboda ya kwendea stendi. Septemba serikali ilipoipunguza kwa asilimia 30, nilimwambia mama watoto kwamba ile bahasha yangu imewatisha. Alinitazama tu.

Najifariji kwamba hata wakubwa husalimu amri. Novemba 2017, muungano wa upinzani wa Kenya, NASA, wa Raila Odinga uliwataka wafuasi wake wasusie Safaricom, maziwa ya Brookside na bidhaa za Bidco. Simu, maziwa na mafuta ya kupikia! Aliyeipanga orodha ile bila shaka hajawahi kuamshwa na mtoto anayetaka uji. Ilipofika Machi 9, 2018, Raila na hasimu wake, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta, wakapeana mikono mbele ya kamera. Nani alimrudishia mwananchi laini yake ya zamani, sijui.

Lakini susa iliyoniuma hasa ni ya sukari. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika, Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, ya juu kabisa ikiwa shilingi 3,200 kwa kilo. Duka la mtaani kwetu nalo likaelekeza kivyake: 4,500. Nikasema hapana, mimi ni Msukuma, nina matobolwa. Kwa asiyeyajua, ni viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama mawe yanayosubiri karasha. Unakizamisha kipande kwenye chai, unasubiri. Ukikiuma mapema, jirani anasikia. Ukisubiri kilainike, chai imepoa. Kwa siku tano nilikunywa chai ya hivyo nikijiona shujaa, hadi niliporudi mapema siku moja nikaikuta familia yangu imekizunguka kibao cha chapati, chai inatoa mvuke. Kwenye kopo la unga wa udaga, chini kabisa, kulikuwa na kilo nzima ya sukari. Mama watoto hakutikisika. "Baba, si ulisusa wewe? Sisi hatujasusa."

Hata hivyo msinione sina ushindi wowote. Dhahabu nimeisusia tangu nizaliwe, na sijawahi kuteleza hata siku moja. Mgodi mkubwa wa Geita unachimba tangu mwaka 2000, Bulyanhulu uko humuhumu mkoani kwetu, na bado hakuna aliyenikuta na gramu. Vijana wangu wanaoshinda mwaloni wakiosha marudio ya mchanga wa dhahabu nao wanasusa vizuri: chembe ikipatikana mchana, jua halijazama imeshafika kwa dalali. Almasi ndiyo usiseme. Mwadui pale, mwendo mfupi tu kutoka mjini, mwaka 1947 ilitoka almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson mwenye mgodi akampa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, iwe zawadi ya harusi. Mama watoto harusini kwetu alipata doti mbili za khanga na sufuria, na sufuria yenyewe ilikuja bila mfuniko.

Sasa kuna hili la bodaboda. Jana kijana kanipandishia nauli kutoka 1,000 hadi 1,500 eti kwa sababu nimenenepa. Nimemsusia yeye, pikipiki yake na kijiwe chao chote. Naanza Jumatatu. Kwa hiyo, wewe msomaji mwenye baiskeli unayepita kwetu Ngokolo kuelekea mjini saa moja asubuhi, nakuomba unipitie. Upepo wa tairi la nyuma ni juu yangu.