Mwezi Umeandama, Gauni Halina Mikono

Mwenzangu, kama umewahi kukalia sindano kwenye kochi ulilolinunua kwa jasho lako, sogea. Kama umewahi kuvua kipande cha uzi mwekundu kwenye bakuli la uji wa futari, sogea zaidi tukae mkeka mmoja. Mambo haya hayaelezeki kwa mtu ambaye mkewe hashoni.

Wangu anashona. Miaka yote ameshona vitu vya kawaida, foronya, sare za shule, kubadilisha zipu za majirani, na nyumba ikawa na amani. Lakini mwaka jana, mwishoni mwa Shaabani, alirudi kutoka harusini akiwa kimya. Mama Tausi akirudi harusini kimya, ujue kuna kitu amekiona. Akavua viatu, akakaa, akasema, "Kuna mtoto kavaa gauni. Kifuani vijirinda vidogo vidogo, vimeshikwa kwa nyuzi za rangi kama sega la nyuki. Mtoto akivuta pumzi kifua kinatanuka, akiitoa kinarudi. Na hamna lastiki, Baba Tausi. Nimegusa mwenyewe."

Hapo nikajua Ramadhani yetu imeshapangiwa kazi.

Mshono huo unaitwa smoki. Jina limetokana na kanzu pana za wakulima na waendesha mikokoteni wa Uingereza, watu wa karne ya 18 na 19, waliohitaji nguo inayowaachia nafasi ya kunyanyua mikono na kuinama shambani wakati lastiki haijaenea. Baadaye ukahamia kwenye nguo za watoto, na ukakaa huko, kwa sababu mtoto naye ni mtu wa kuinama na kunyanyua mikono siku nzima. Mafundi wengi hapa kwetu Ngamiani, Tanga, wana njia yao ya mkato: wanazungushia uzi wa mpira kwenye bobini kwa mkono, juu wanaweka uzi wa kawaida, wanapiga mistari, kitambaa kinajikunja chenyewe. Kinapendeza. Ila kikifuliwa na kuanikwa juani miezi kadhaa mpira unachoka, na gauni linaanza kuteleza mabegani. Mke wangu hakutaka gauni la kuteleza. Alitaka gauni la Idi, la mkono, la Tausi.

Ngoja nikutajie watu wa nyumba hii kwanza, maana kila mmoja alitia mkono wake. Tausi alikuwa na miaka minne wakati huo, na jina amelipata kwa haki, kwa vile hapiti mbele ya kioo bila kugeuka. Kakake, Kandambili, alikuwa na saba. Huyo tangu ajue kutembea hajawahi kurudi nyumbani na ndala zote mbili. Kuna Shemeji Funuafunua, mdogo wake mke wangu, ambaye haulizi kumepikwa nini, anafunua. Na katika chumba cha uani anaishi mama mkwe, Bibi Viua. Jina hilo namwita hapa kwako tu. Mbele yake ni "Mama", na macho nayaweka chini.

Bibi Viua ni mzaliwa wa Pemba. Maisha yake yote amedarizi kofia, zile zenye viua, vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kofia nzima inakuwa na maua. Kofia moja ni kazi ya wiki nyingi. Mke wangu amesomeshwa kwa kofia. Kwa hiyo Bibi alipomsikia bintiye anaongea habari ya mshono wa wakulima wa Uingereza, aliuliza swali moja tu: "Ndani kunakuwaje?" Maana kwake yeye kofia hupinduliwa ikatazamwa ndani kwanza.

Kazi ikaanza mwezi mosi Ramadhani. Nikatumwa mita mbili za poplini ya buluu. Mwenzangu, doti nzima ya khanga ni kama mita tatu, na hiyo inamsitiri mwanamke mzima juu na chini. Nikajiuliza, mtoto wa miaka minne mita mbili za nini? Nikanunua moja na nusu, nikarudi nimeridhika.

Mama Tausi aliinyoosha mezani, akaipima, akaniita. Hakupandisha sauti. Akaniwekea futi kifuani mwa Tausi. Mbele anahitaji sentimita 30. Lakini smoki inakula kitambaa mara tatu: kupata 30 lazima uanze na 90. Poplini ina upana wa inchi 45, kwa hiyo kifua peke yake kinakaribia kumaliza upana wote, na bado kuna mgongo, mikono, kola na upindo wa kuachia mtoto akikua. Kesho yake nikarudi dukani. Jora la kwanza lilikuwa limekwisha, nikapewa jingine, buluu ile ile kwa macho yangu. Tulipofika nalo uani kwenye mwanga, moja ilikuwa buluu ya asubuhi na nyingine buluu ya alasiri. Kila jora na rangi yake ya kiwandani, ukinunua kitambaa kinunue chote siku moja. Bibi Viua akaamua kesi: buluu ya alasiri iwe mgongo.

Kitambaa kikafuliwa kwanza, kirudi kama kinarudi kabla hakijakatwa. Halafu zikaja nukta. Ili marinda yawe sawasawa unatia nukta kwa penseli upande wa ndani, kutoka nukta hadi nukta milimita sita, kutoka mstari hadi mstari sentimita moja. Mistari kumi, kila mstari nukta 150. Nukta 1,500! Mke wangu alizitia kwa siku tatu, rula mkononi, baada ya tarawehe, watoto wamelala. Siku ya nne akakitandika kitambaa mezani, akaenda jikoni kugeuza mihogo ya futari.

Kandambili alikuwa amerudi shuleni. Darasani kwao kuna zoezi la kuunganisha nukta. Ukiunganisha vizuri unapata bata, au nyumba. Akaikuta meza nzima imejaa nukta. Akachukua penseli.

Sauti niliyoisikia kutoka jikoni sijawahi kuisikia tena. Nilipofika, mke wangu ameshika kichwa, na Kandambili anamwonyesha kwa furaha alichokipata: jahazi. Jahazi zima, tanga limejaa upepo, mlingoti, hata nahodha. Na kusema kweli lilikuwa jahazi zuri. Mimi mtoto wa Tanga, najua jahazi.

Bibi Viua akaletewa. Akavaa miwani, akalitazama muda mrefu. "Upande wa ndani huu?" Ndani. "Basi liache lisafiri."

Likaachwa. Mistari ya kushikizia ikaanza. Unapita na sindano nukta baada ya nukta, unachota kitambaa kidogo kidogo, mstari mzima, fundo mwisho mmoja. Mistari yote kumi ikikamilika unavuta nyuzi kwa pamoja, kitambaa kinajikusanya, marinda yanasimama kama vidole vya mikono mingi iliyoshikana. Usiku ule tulivuta wote, mke wangu nyuzi tano, mimi tano, Tausi anahesabu kwa kurukaruka nambari. Sentimita 90 zikawa 30 mbele ya macho yetu. Na jahazi la Kandambili, likiwa upande wa pili, likabanwa likawa ngalawa.

Nilikwambia kila mmoja alitia mkono. Mfungo 14, Shemeji Funuafunua aliwahi futari. Akafunua sufuria, akafunua hotipoti, akafunua na khanga iliyofunikia kitambaa. "Hiki nacho nini?" Akaona ncha ya uzi, akavuta. Mistari miwili ikatoka kama kamba ya pazia, na marinda ya usiku mzima yakalala chali. Mama Tausi alikuwa amefunga, hakutaka kuharibu swaumu yake kwa maneno. Akamtazama tu. Shemeji alikula kimya, akaosha vyombo vyote, hata masufuria. Sijawahi kumwona akiosha vyombo kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Baada ya hapo Bibi Viua akahamia sebuleni. Hakusema anasaidia, alisema chumbani kwake kuna joto. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake. Unazitenganisha, unatumia tatu. Juu wakaweka mshono wa kamba ili kushika shingo, katikati mawimbi, chini sega la nyuki, kwa sababu sega ndilo linalotanuka zaidi na mtoto anahitaji nafasi ya tumbo. Macho ya Bibi hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo alimtia Tausi kazini. Mtoto anatumbukiza uzi, ananyoosha sindano kwa bibi yake, anarudi kwenye midoli, anaitwa tena. Nilikuwa nikiwaangalia wale watatu, bibi, binti na mjukuu, vichwa vimekutana juu ya kitambaa kimoja, na uji wangu ukapoa nisijali.

Tatizo lilikuwa hesabu. Mama Tausi alihesabu siku 30. Bibi Viua alimwambia tangu mwanzo, "Mwezi hautoi ahadi, mwanangu. Huenda 29." Akaambiwa, inshallah utafika 30. Basi jioni ya mfungo 29 gauni lina kifua na mgongo, mikono bado vipande, upindo bado, vifungo bado kwenye mfuko. Tumekaa na redio. Baada ya Isha tangazo likatoka: mwezi umeandama, kesho Idi.

Mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe. Kwetu kukawa kimya. Kisha umeme ukakatika.

Mwenzangu, nikupe picha ya usiku ule. Sebuleni, Singer nyeusi ya Bibi, ya miguu, isiyohitaji umeme wa mtu, inalia takataka-takataka. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, na mimi usiku ule nilimwombea heri. Mkono wangu wa kulia umeshika tochi ya simu juu ya sindano. Wa kushoto unachambua mchele wa pilau kwenye ungo. Kandambili anatafuta kifungo kilichodondoka, na anatafuta kwa ndala moja. Bibi anachomoa nyuzi za kushikizia, zile tulizozivuta wote. Kazi yao imekwisha, zinatoka mstari kwa mstari, na marinda yanabaki yamesimama kwa kushikwa na mawimbi na sega. Saa tisa usiku kifungo cha mwisho kikafungwa. Bibi akalivuta gauni kifuani, likatanuka. Akaliachia, likarudi. Akalipindua, akatazama ndani. "Safi," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi Tausi kaogeshwa, kapakwa mafuta, kavalishwa. Akajitazama kiooni mbele, akageuka akajitazama nyuma. Halafu akaanza kulivua.

"Nataka jahazi liwe nje."

Tukambembeleza. Mama yake akampigia magoti, akamwonyesha mawimbi, sega, buluu ya asubuhi. Hapana. Kakake amemchorea jahazi, watu watalionaje likiwa ndani? Mke wangu akamgeukia mama yake, macho mekundu ya kukesha. Bibi Viua akasema, "Si ndani safi? Mwache."

Basi binti yetu alikwenda nyumba kwa nyumba kupokea sikukuu akiwa amevaa usiku 29 wa mama yake kwa ndani, na dakika kumi za kakake kwa nje. Kila aliyempa shilingi alionyeshwa nahodha. Alasiri alikubali kuligeuza kwa ajili ya picha moja, na mtaani wakatuuliza limenunuliwa wapi.

Gauni bado analivaa. Upindo umeshushwa mara moja, kifua kimetanuka naye, hakijalegea. Penseli ilitoka kwenye mfuo wa tatu, akalia siku nzima.

Sasa ni Shaabani tena. Juzi nilitumwa poplini ya kijani, nikanunua mita mbili na nusu, zote kutoka jora moja. Mama Tausi safari hii amehesabu siku 28. Jana usiku alimaliza kutia nukta, upande wa ndani, akakinyoosha kitambaa mezani kisiwe na kunyanzi. Kisha akachonga penseli, akamwita Kandambili, akamvutia kiti.