Namna ya Kupata Takwimu za Umeme Bila Kuvunja Ugomvi wa Nyumba

Mwongozo huu ni wa wapangaji wa vyumba sita wanaochangia mita moja ya LUKU. Mwenye mita yake peke yake apite tu, hana wa kumshuku.

Chanzo cha kwanza cha takwimu ni sikio. Sabufa ya kijana wa chumba cha tatu inasikika hadi barabarani, kwa hiyo ndiyo inayomaliza umeme. Pasi haina kelele, kwa hiyo haili kitu. Asije mtu akakwambia kwamba pasi ya wati 1,000 ikikaa moto saa nzima inakula uniti moja, na kwamba sabufa ndogo ya wati 50 inahitaji saa 20 kuifikia. Huyo ametumwa na kijana.

Chanzo cha pili ni meseji ya tokeni. Nakili zile tarakimu 20, ziingize kwenye mita, kisha futa haraka kabla hujasoma mengine. Ukisoma utakuta uniti ulizopata, VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Mbaya zaidi, utakuta kodi ya jengo. Kwa bei ya uniti shilingi 292 kabla ya makato hayo, elfu kumi huleta uniti 28 hivi. Mwezi ukianza, ikikatwa 1,500 ya kodi, zinabaki kama 24. Uniti nne zimeyeyuka! Hapo mpangaji makini hasomi meseji, anagonga mlango wa jirani.

Kuhusu mita yenyewe, kaa nayo mbali. Usoni mwake pameandikwa 1000 imp/kWh, nyingine 1600, na pembeni kuna kijitaa chekundu kinachopepesa. Namba hiyo ni mara kinazopepesa kwa kila uniti. Kwenye mita ya 1000, kikipepesa mara 20 kwa dakika, nyumba inakula kilowati 1.2 muda huohuo. Zima kila kitu, kisha washa chumba kimoja baada ya kingine huku unahesabu. Nusu saa haipiti mnajua nani anakula nini. Kikiendelea kupepesa wakati vyumba vyote vimezimwa, kuna waya unaokwenda msikokujua, pengine hadi kwenye fremu ya duka la mwenye nyumba. Mtoto wa darasa la tano anaiweza hesabu hii, na hapo ndipo hatari ilipo: kikao cha wapangaji cha Jumapili kitakosa ajenda.

Msije mkajaribu pia kujumlisha uniti za mwezi mzima. Mteja wa matumizi madogo, wa kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Chumba chenye taa, feni na chaji ya simu hakifiki huko hata kidogo. Vyumba sita kwenye mita moja vinavuka mapema, na muuza vitumbua mwenye balbu moja analipia bei ya wenye friji. Hili ndilo jambo pekee linalostahili kugombaniwa katika nyumba nzima, na halijawahi kufika kikaoni.

Ukikaidi yote haya ukapiga hesabu zako kwenye daftari, mwonyeshe kwanza mwenye nyumba, umwombe mita ndogo kwa kila chumba. Mwenye friji mwonyeshe akishachangia umeme wa mwezi huu.