Jinsi ya Kumiliki Tesla Kolwezi Bila Kuinunua

Sogea, ndugu yangu, hapa pana nafasi. Agiza Simba yako, michopo inakuja, na maneno haya yasivuke meza hii. Unataka kuitwa mwenye Tesla. Nakuelewa kabisa. Kutoka Dilala hadi Manika hakuna mtu asiyependa jina lake litajwe pamoja na gari zuri, na wewe una sababu kuliko wengi. Kinachokukwamisha ni pesa, barabara na umeme. Nitakupitisha njia ya mkato inayovikwepa vyote vitatu: sifa za mwenye gari utazipata, maoni ya mwenye gari utayatoa, na malalamiko yake utayalalamika mbele za watu.

Hatua ya kwanza: usilinunue

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaona picha kwenye simu, wanaanza kuhesabu dola, wanamtafuta binamu aliyeko Dubai. Acha. Tesla haina duka Kongo, wala karakana. Gari likigoma, hutampata kijana wa kulifungua na kulifunga chini ya mwembe kama anavyofanya kwa Toyota IST. Kwenda Lubumbashi ni kilomita 300 hivi, malori ya madini yakiwa mbele yako na nyuma yako, na kiangazi vumbi linameza hata taa za Land Cruiser.

Halafu umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto wetu wenyewe, Lualaba, na bado hata migodi haitosheki: inanunua umeme Zambia na kuwasha jenereta. Wewe wa Kasulo au Mutoshi utachaji saa ngapi? Na ukichaji kwa jenereta, utakuwa umenunua gari la dizeli kwa bei ya gari la umeme. Pesa hiyo lipia watoto shule. Gari unalo tayari. Subiri hatua ya tatu.

Hatua ya pili: jifunze ukoo wake kwa dakika tano

Mwenye gari asiyejua ukoo wa gari lake hugundulika haraka. Shika haya machache. Tesla ilianzishwa Julai 2003 huko California na wahandisi wawili, Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Elon Musk aliingia Februari 2004 akiwa na dola milioni 6.5, akakaa kiti cha mwenyekiti. Eberhard aliondoka kwenye ukurugenzi mwaka 2007, na mwaka 2009 alimshtaki Musk. Miongoni mwa mambo waliyogombania ni nani hasa aitwe mwasisi. Mwaka huohuo wakapatana kwamba watu watano wote waruhusiwe kujiita waasisi: hao wawili, Musk, JB Straubel na Ian Wright.

Simama hapo kidogo, maana ufunguo wako uko hapo. Cheo cha mwasisi kiligawiwa mezani miaka sita baada ya kampuni kuzaliwa, kwa mazungumzo na sahihi. Basi cheo cha mmiliki nacho kina mlango wake, na mtu wa Kolwezi ana haki ya kuugonga.

Mengine yapitie mbio. Roadster ilianza kuuzwa 2008, Model S 2012, Model 3 2017, Cybertruck mwishoni mwa 2023. Katikati ya hapo kampuni nusura ife, ikaokolewa na fedha za Daimler na mkopo wa serikali ya Marekani wa dola milioni 465, uliolipwa wote mwaka 2013. Ukiyataja hayo bila kusitasita, nusu ya meza itaamini funguo ziko mfukoni mwako.

Hatua ya tatu: onyesha hisa yako

Sasa tunafika palipo na uzito, kwa hiyo weka chupa chini.

Roadster ya kwanza ilibeba seli 6,831, ndogondogo, za aina ile ya kompyuta za mkononi, zenye kobalti ndani. Betri za baadaye zilipunguza kobalti. Wachambuzi wa soko walikadiria mwaka 2018 kwamba Tesla imeshuka kutoka kilo 11 hivi kwa gari hadi kilo 4.5 katika Model 3. Juni 2018 Musk aliandika hadharani kwamba kizazi kijacho cha betri hakitatumia kobalti hata kidogo. Juni 2020, miaka miwili tu baadaye, habari zikatoka kwamba Tesla imekubaliana na kampuni ya madini ya Glencore kununua hadi tani 6,000 za kobalti kwa mwaka. Kutoka wapi? Kutoka KCC, Kamoto Copper Company. Hapa hapa. Baadaye Tesla yenyewe iliitaja KCC katika ripoti zake.

Fanya hesabu kwa kidole mezani, watu watanyamaza: tani 6,000 kwa kilo 4.5 ni betri za magari zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Na Kongo yetu inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikitoka Lualaba hii. Kwa hiyo ukiona Tesla kwenye filamu, usiseme "gari lao". Sema "gari letu", kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja shamba la baba yake.

Utadaiwa karatasi ya umiliki. Hapo ndipo watu wetu wengi hushindwa, kwa sababu mchimbaji wa mkono hutoka shimoni na gunia begani, hana kitu kilichoandikwa. Anafika depo ya Musompo, mnunuzi anaelekeza Metorex, ile mashine ya kupimia, kwenye mawe, mashine inasema asilimia fulani, na bei inapangwa kwa asilimia hiyo. Mashine ni ya mnunuzi. Mizani ni ya mnunuzi. Nakupa ujanja ambao haugharimu franka nyingi: nunua daftari. Andika tarehe, kilo, asilimia waliyokusomea, bei waliyokulipa. Pima depo mbili kabla ya kuuza, hata kama magunia ni mazito na jua ni kali. Mtu mwenye daftari hujadiliana tofauti na mtu mwenye kumbukumbu tu, na wanunuzi wanalijua hilo kabla hujafungua mdomo.

Na kama wewe si mchimbaji, usijione mgeni kwenye hisa. Uliza wazee wa Kasulo. Mwaka 2014 mtu alichimba uwanjani kwake, akakuta kobalti, na muda si muda mashimo yakafunguliwa ndani ya nyumba, chini ya vitanda na majiko. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wakazi wakahamishwa. Kuna mama aliyepikia bukari juu ya betri za dunia nzima bila kujua. Ukimwambia mama huyo kwamba hana sehemu katika gari hilo, mtazame machoni kwanza.

Hatua ya nne: toa maoni kama mwenye nalo

Wenye Tesla husifu kwanza, ndipo walalamike. Fuata mpangilio huo. Sifu ule mwondoko: unakanyaga, gari linaruka, na hakuna kelele. Sifu kwamba halina oili ya kubadilisha. Sifu kwamba usiku linapokea programu mpya kwa njia ya mtandao, asubuhi unaamka gari limejifunza jambo.

Kisha vuta pumzi, ulalamike. Yapo mengi, chagua yanayokufaa. Paneli za mwili zinazoacha nafasi zisizolingana ni lalamiko la zamani na halikosi wa kukubaliana nawe. Breki zinazojikamata barabarani wakati hakuna kitu mbele. Bei iliyoshushwa ghafla mwaka 2023, walionunua mwezi uliotangulia wakabaki wameshika vichwa. Desemba 2023 Tesla ililazimika kurekebisha magari zaidi ya milioni mbili Marekani kwa sababu ya mfumo wake wa Autopilot. Machi 2025 ikayaita karakana magari ya Cybertruck zaidi ya 46,000, kwa kuwa kipande cha chuma cha pembeni kingeweza kubanduka gari likiwa mwendoni. Januari 2024, baridi kali ilipopiga Chicago, magari yalikwama kwenye vituo vya kuchajia. Hilo la Chicago lizungumze kwa huruma. Sisi tunajua kukaa kusubiri umeme.

Lipo na la aibu. Siasa za Musk ziliwachoma wateja wake wengi, hadi baadhi wakabandika vibandiko nyuma ya magari kueleza kwamba walinunua kabla hawajamjua vizuri. Hapa wewe una nafasi nzuri kuliko wao wote. Kobalti yako iliondoka bila kuulizwa maoni, kwa hiyo huhitaji kibandiko.

Hatua ya tano: wanyamazishe wabishi

Mbishi wa kwanza atakuwa mwanasheria, au kijana aliyesoma Lubumbashi. Atasema kesi ilishaamuliwa, na kweli ilikuwepo. Desemba 2019 familia za Kongo, za watoto waliokufa au kulemazwa kwenye mashimo ya kobalti, zilizishtaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington. Kesi ilitupwa mwaka 2021, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo: kununua bidhaa kupitia mlolongo wa wauzaji hakumfanyi mnunuzi kuwa mshirika katika biashara iliyowaumiza watoto.

Usibishane naye juu ya sheria, atakushinda. Mkubalie, kisha muulize swali moja: kama wao si washirika wetu, kwa nini Mei 2023 Musk aliwaambia wanahisa wake kwamba wataweka kamera kwenye mgodi wa kobalti, ili yeyote atakayeona mtoto atoe taarifa? Mtu hafungi kamera kwenye shamba lisilomhusu. Na mimi nasema kwa dhati, watazame. Watazame Kamoto usiku na mchana. Ila anayetazamwa naye ana macho, na ana haki ya kuuliza gunia lililotoka lilikwenda wapi na lilirudi kama nini.

Mbishi wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu anajua betri. Atakuambia mwanzoni mwa 2022 karibu nusu ya magari ya Tesla yalitoka na betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe. Ni kweli. Usitetemeke. Hama kwenye kobalti, nenda kwenye shaba, ambayo babu zetu waliifua kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Gari la umeme hubeba takriban kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la petroli, na betri ya aina yoyote inahitaji nyaya. KCC inatoa shaba. Kamoa-Kakula, hapo magharibi mwa mji, inatoa shaba. Wabadilishe betri watakavyo, hisa yako inabaki kwenye nyaya.

Hatua ya sita: dai gawio

Mmiliki asiyepokea gawio ni mpita njia tu. Sikushauri uandike barua California. Gawio lako liko karibu zaidi, na sheria imeliandika.

Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha namna mwenye mali anavyofanya. Februari 2025, bei ikiwa imeporomoka, ilizuia kobalti kutoka nchini. Oktoba ikaruhusu tena kwa mgao: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho 2027. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Mali ilipofungiwa, wanunuzi wakamkumbuka mwenyewe.

Sasa zamu yako. Sheria ya madini ya 2018 inasema madini ya kimkakati hulipiwa mrabaha wa asilimia 10, na kobalti imo kati ya madini hayo. Mrabaha huo hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komyuni, sekta au himaya ya chifu ambako mgodi uko. Kando ya hapo, kampuni hutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Hizo namba tatu, 15, 10 na 0.3, zikariri kuliko ulivyozikariri seli za Roadster.

Kisha vaa shati lako zuri, lile la misa ya Jumapili. Nenda ofisini kwa bugumesta asubuhi, kabla joto halijapanda na kabla hajatoka. Usiende peke yako. Chukua mama mmoja wa Kasulo na mwalimu mmoja, watu ambao hawafukuziki kirahisi. Salimia kwa heshima zote, papa huku, papa kule, uliza hali ya nyumbani. Mkishakaa, fungua daftari kwenye ukurasa mpya na uulize ile asilimia 15 ya mwaka jana ilikuwa dola ngapi na imejenga nini. Akisema faili liko jimboni, andika jina la ofisi, andika tarehe, mwombe atie sahihi pembeni. Halafu mwulize mlango wa ofisi hiyo ya jimbo uko barabara gani.