Dawa ya Jicho, Faida ya Kola

Upepo wa Singida una sifa mbili. Ya kwanza wanaijua watu wa umeme, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiutolea macho na kupanga mitambo. Ya pili tunaijua sisi wenye macho yenyewe: ukikatiza mchana wa kiangazi kutoka sokoni hadi Ziwa Singidani, unafika na shamba zima ndani ya kope.

Ndiyo maana mimi ni mteja wa kudumu wa dawa ya matone. Natazama dari, navuta kope ya chini, naminya kichupa. Tone la kwanza linatua puani. La pili linaingia jichoni, linageuka palepale na kuteremka shavuni mpaka kwenye kola. Mke wangu anapita.

"Baba Neema, unalia nini? Umesikia bei ya alizeti?"

"Silii, najitibu."

"Haya. Shavu litapona."

Punde si punde, uchungu kooni. Dawa ya jicho, na bado naionja!

Hapa mkono hauna kosa, kosa liko kwenye hesabu. Jicho hubeba machozi ya mikrolita 7 hivi, na hata likijitahidi halizidi sana 30. Tone la kichupa ni mikrolita 30 hadi 50. Linalozidi linamwagika, linalobaki linasukumwa kila ukipepesa, linapita kwenye kitundu cha kona ya jicho kwenda puani na kooni. Dawa inayopenya hadi ndani kwa kawaida haifiki asilimia 5. Nalipia gunia, napimiwa kisado.

Mafuta ya tetrasaiklini hukaa jichoni zaidi. Ndiyo waliyokuwa wakipakwa watoto wenye vikope: asubuhi na jioni, wiki 6. Piga hesabu, ni mara 84 za kumkamata mtoto wa miaka mitatu anayejua unakuja kufanya nini. Ilipokuja azithromaisini ya kumeza, dozi moja kwa mwaka, nadhani hata majirani walishukuru kwa ule ukimya.

Wenzetu wa maabara wameuona mzigo huu. Wanaigawa dawa kuwa vichembe vya nanomita 100 au 200. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi; nasema hivyo kwa kumbukumbu, maana nywele zangu zilishahama. Kuna vitone vya mafuta vilivyopewa chaji chanya, na kwa kuwa uso wa jicho una chaji hasi, vinang'ang'ania badala ya kutiririka. Mwaka 2015 Ulaya iliruhusu dawa ya aina hiyo, saiklosporini ya jicho kavu: tone moja kwa siku, wakati wa kulala. Moja! Kola yangu ingekufa njaa.

Vidonda navyo vimekumbukwa. Zipo bendeji zenye vichembe vya fedha vinavyoachia dawa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, zisibanduliwe kila asubuhi. Aliyewahi kung'olewa shashi iliyoganda kwenye goti hahitaji mtu wa kumshawishi.

Kwetu nano, yaani dawa ya vichembe hivyo, imeshafika, ila imekuja kwa basi. Kijana mmoja alisimama katikati ya viti, kopo mkononi, akatangaza krimu ya nano inayotibu fangasi, moto, meno na ndoa. Nikamuuliza, "Mwanangu, nanomita ngapi?"

"Mzee wangu, zote zimo humo."

Abiria wakanunua. Jirani yangu wa kiti alisema yeye anabaki na asali ya Itigi. Asali kweli husaidia kidonda, lakini ile ya hospitali imeuawa vijidudu kwa mionzi. Ya kwake ilikuwa bado na miguu ya nyuki.

Basi, msomaji, mpaka nano ya kweli ifike kwenye famasi zetu, weka tone moja tu, la pili ni sadaka. Fumba jicho bila kupepesa, kisha bana taratibu kona yake ya ndani, pale karibu na pua, dakika moja au mbili; dawa haitapata njia ya kooni. Na kama umeandikiwa dawa mbili za matone, pisha dakika 5 kati yake, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza.